Kabula Amebaki na Udongo Wake

Ifakara, Jumapili mchana

Mama Kabula, mke wangu,

Kaka yako Ngasa akishuka kwenye basi peke yake usimgombeze. Si kosa lake, na mtoto haumwi. Kabula ni mzima, leo amekula wali na samaki, na hivi ninavyoandika yuko nje ananawa miguu kwa maji niliyoyateka kwa ajili ya kupikia. Nimetaka ujue hilo kwanza, ndipo nikusalimie.

Habari za huko nyumbani? Mama yako anaendeleaje na nyonga yake? Ngasa ameniambia sasa anakaa mwenyewe kitandani na kula bila kushikwa, nikashukuru sana. Maduhu ameanza kuota meno? Na wewe unalala? Najua utajibu kwamba unalala, lakini kaka yako amesema umekonda, na yeye si mtu wa kuona vitu hivyo, kwa hiyo lazima umekonda kweli.

Mimi nipo. Mavuno yamefika, mashine zinakoboa kutwa. Malori yanakuja kutoka Mlimba na Malinyi yamejaa mpunga, na kila gunia lazima lipite begani kwa mmoja wetu. Bega langu la kulia limeota sugu kama shingo ya ng'ombe wa kulimia. Nikikohoa jioni natoa vumbi la pumba. Mvua nazo zilichelewa kuondoka, maji yakaingia chumbani, nikapandisha godoro juu ya matofali. Sasa pamekauka. Silalamiki, nakupa habari tu, maana ukimuuliza Ngasa atakwambia, na ataongeza chumvi.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hatusikilizani. Mtandao unakatika katikati ya neno, halafu kila ulipouliza, "Mtoto anaongea?" mimi nilijibu, "Anaendelea vizuri." Ulijua nakudanganya na mimi nilijua unajua. Niliishia darasa la tano na mwandiko wangu unaufahamu, soma taratibu.

Ukweli ni huu. Ulipoondoka na Maduhu mgongoni kwenda kumwuguza mama, Kabula alinyamaza. Mwanzoni nilidhani amenuna tu, kama anavyonunaga. Siku zikaenda. Hakusema Kiswahili, hakusema Kisukuma. Nilikuwa naenda naye mashineni kwa sababu sina wa kumwachia na chekechea hajaanza, anakaa juu ya magunia matupu karibu na mzani, anatazama geti. Ukimpa chakula anakula. Ukimwita anakuja. Neno hatoi. Watoto wa akina mama wanaopepeta pale wakaanza kumwita Bubu, na mimi nilikuwa nasikia, na gunia liko begani, siwezi hata kugeuka. Ndiyo maana uliposema unamtuma Ngasa aje kumchukua, nilikubali bila kubisha. Nilisema moyoni, labda mama yake atamweza, mimi amenishinda.

Sasa nikueleze kilichotokea, ujue kwa nini nimekiuka tulivyokubaliana.

Mama Devota unamkumbuka, yule Mpogoro mfupi wa upande wa Mahenge anayeshona midomo ya magunia. Wewe ulisema ana maneno makali. Anayo. Lakini nisikilize. Watoto walikuwa wanakimbia juu ya maturubai ya mpunga uliokuwa umeanikwa, wanaumwaga kwenye mchanga, mpaka msimamizi akasema mwanamke atakayekuja na mtoto asije tena kazini. Akina mama wakaanza kulia. Mama Devota hakulia. Alichukua magunia mabovu, akayatandika kule nyuma ya lundo la pumba penye kivuli cha ghala, akasema, "Siku za shule watoto wako chekechea, balaa letu ni Jumamosi. Jumamosi watakuwa hapa, na hakuna atakayekanyaga mpunga wa mtu." Msimamizi akamuuliza atawafunga kamba? Akamjibu, "Nitawapa kazi. Wewe mwenyewe ukiwa na kazi hukimbii hovyo."

Basi tangu siku hiyo kila Jumamosi wanakusanyika watoto, wa akina mama wa mashineni na hata wa nyumba za jirani, mama zao wanawaleta wakiwa wameoga. Na kila mama analeta kitu cha nyumbani kwake. Mmoja analeta vizibo vya soda, mwingine vipande vya vitenge kutoka kwa fundi cherehani, mwingine maboksi ya sabuni. Wanaoishi karibu na mto wanaleta ukindu. Gundi ni uji wa muhogo uliopoa. Rangi wanatengeneza wenyewe: mkaa wanautwanga, manjano yanatoka jikoni, majani ya kunde wanayasugua mpaka yatoe kijani, rozela inatoa nyekundu. Brashi ni kijiti cha mswaki, mtoto anakitafuna ncha mpaka kinachanua. Karatasi ni mifuko ya saruji iliyokung'utwa. Mama Kabula, mimi nimebeba mifuko ya saruji tangu ujana wangu na sikuwahi kufikiri kwamba ndani yake kuna karatasi nzuri kiasi kile.

Nilikuwa nikimaliza kushusha lori naenda kusimama pembeni, nakunywa maji, natazama. Wanabandika punje za mpunga kwenye boksi, ndani wanajaza pumba, linatoka jogoo. Lina miguu mitatu, lakini ni jogoo. Kuna kitoto kimoja kilipaka karatasi nzima mkaa, nyeusi tii, Mama Devota akauliza, "Hapa ni wapi?" Kikajibu, "Ndani ya ghala, mlango umefungwa." Akaitundika ukutani pamoja na nyingine.

Kitu ninachomheshimia zaidi ni kwamba mkono wake hauingii kwenye kazi ya mtoto. Anashona magunia yake, sindano inapanda inashuka, mdomo unaongea, lakini hagusi. Walipoanza kufinyanga kwa udongo mweusi wa mbugani, vitu vyao vyote vilipasuka vilipokauka. Mimi nilijua kwa nini, mtoto yeyote aliyechunga anajua kwamba udongo ule peke yake haukubali. Yeye pia alijua. Aliwauliza tu, "Vimekufa na nini?" Wakajadiliana kama wazee wa baraza. Mmoja akasema jua, mwingine akasema uchawi. Wakajaribu kuchanganya mchanga, wakajaribu pumba, mpaka wakapata. Na mzazi akigusa kazi ya mtoto, adhabu yake anaitoa Mama Devota palepale, na haina rufaa.

Kabula alikaa mwisho wa gunia Jumamosi ya kwanza bila kugusa kitu. Jumamosi nyingine akashika donge la udongo, akalishika tu mpaka mchana. Iliyofuata akaanza kulivuta miguu. Miguu minne mifupi na kitu kama tumbo. Nilijua palepale ni ng'ombe. Nani asingejua? Lakini kilikuwa kinaanguka upande, anakisimamisha, kinaanguka. Roho iliniuma. Watoto wa huku wanafinyanga vyungu na mitumbwi na treni inayopita Mlimba, wanajua wanachofanya. Wangu peke yake ana donge linaloanguka.

Hapo ndipo nilipokosea. Wewe unajua nilivyokuwa hodari wa kufinyanga ng'ombe wakati wa kuchunga, hata kaka zangu walikuwa wananiomba niwafinyangie. Nikachukua udongo wa kichuguu, nikauponda vizuri, nikamfinyangia Kabula dume lenye nundu iliyolala, pembe za kupinda, na ngozi ya shingo inayoning'inia. Nilipomaliza nilijisikia mtu. Jumamosi nikaliweka mbele yake, pembeni ya lile lake.

Watoto wote walikuja mbio. "Tazama ng'ombe! Tazama pembe!" Beda, mtoto wa yule mama anayetoka Michenga, aliliinua juu kama kombe. Kila mtu akawa anagombea kulishika dume langu na hakuna aliyemtazama Kabula. Yeye aliwaangalia kwanza. Halafu akachukua ng'ombe wake, akamweka chini ya kiganja, akamkandamiza polepole mpaka akawa mkate. Akafuta mkono kwenye gauni. Akarudi kukaa juu ya magunia karibu na mzani, akatazama geti.

Mama Kabula, gunia la mpunga halijawahi kunilemea kama kile kitu.

Mama Devota hakunyanyua hata uso kwenye gunia lake. Alisema, "Baba Kabula, umefurahi?"

Nikasema, "Nilitaka kumsaidia."

"Umemsaidia nini? Umemwonyesha kwamba baba yake anaweza na yeye hawezi. Hilo alikuwa halijui?"

Nikasema mtoto hana raha, hasemi, nilitaka angalau awe na kitu kizuri kuliko wenzake. Akakata uzi kwa meno. "Alikuwa nacho kizuri. Alikuwa nacho chake. Sasa Jumamosi ijayo utakaa hapa na watoto, utafinyanga. Mkono wa kulia utafungwa nyuma na kamba ya gunia. Tutaona ufundi wako."

Wapepeta wakacheka mpaka nyungo zikashuka. Mmoja akaniambia, "Msukuma kafungwa kama fahali." Nilikasirika, sikufichi. Kumwambia mwanaume mzima akae kwenye tope na watoto mbele ya wabebaji wenzake. Nilifikiri kutokwenda. Lakini wiki ile Kabula alirudi kabisa nyuma, hata akawa hanishiki mkono tukivuka barabara. Jumamosi nikaenda nikakaa, wakanifunga mkono.

Mkono wa kushoto ni mjinga, mke wangu. Nilipovuta mguu, mguu ukabaki mkononi. Nilipoweka kichwa, kikaangukia kifuani. Watoto walinizunguka wananipa mashauri, huyu anasema ongeza maji, huyu anasema punguza. Beda akasema, "Baba Kabula, huyo ni kiboko." Mwingine akasema hapana, ni nguruwe aliyekanyagwa na trekta. Jasho linanitoka kweli, si mchezo, maana nilikuwa najaribu. Nikachukua kidonge cha kufanya nundu, na kwa ule ujinga wa mkono nikakibandika, na kikabandikika pasipotakiwa.

Nikasikia nyuma ya bega langu, kwa Kisukuma, sauti iliyokauka kama mlango usiofunguliwa siku nyingi: "Baba, nundu haikai kichwani."

Sikugeuka. Niliogopa nikigeuka atanyamaza. Nikasema, nikiwa nimeutazama udongo, "Inakaa wapi?"

Akasema, "Huku." Akanionyesha kwa kidole mgongoni mwangu mwenyewe, hapa kati ya mabega. Halafu akaona nilivyobabaisha tena, akacheka. Alicheka kile kicheko chake cha puani ambacho wewe unasema amekirithi kwa mama yako. Mama Devota alisimamisha sindano. Kwake hilo ni jambo kubwa. Kabula akakaa chini, akachukua udongo wake mwenyewe, akaanza.

Sitaki nikudanganye tena. Hakuanza kuongea kama redio siku ileile. Aliongea na mimi, kidogo, Kisukuma tu, na hasa kunikosoa. Wenzake bado hakuwajibu. Lakini lile jina la Bubu lilikufa lenyewe, maana walimsikia kwa masikio yao.

Ndipo Ngasa akafika, amechoka na safari, ana biskuti za mtoto na maagizo yako. Nikamwomba asubiri ipite Jumamosi moja ndipo waondoke. Alipofika kule nyuma ya lundo la pumba, akaona watu wazima wanasimama kutazama watoto wanachezea tope, akaniambia, "Shemeji, nimetoka kwetu kote kule kuja kuangalia tope? Tope kwetu halijaisha."

Nikamwambia, "Kaa kwanza."

"Mtoto wa Kisukuma anafundishwa ng'ombe na Wapogoro?"

Mama Devota akamsikia. "Karibu, Mjomba. Hapa hatufundishi ng'ombe. Ng'ombe wenu wanajua njia wenyewe, tunawaona kila mwaka shambani." Wote wakacheka, na Ngasa naye akacheka kidogo, maana unajua maneno hayo huku yanaweza kuwa mzaha na yanaweza kuwa ugomvi, inategemea uso wa anayesema.

Siku hiyo Beda alikuwa amejenga jaruba la mpunga. Kingo za tope zimenyooka, maji ndani, amechomeka majani ya nyasi mstari kwa mstari kama wanavyopandikiza kwao Michenga. Kazi safi kabisa. Kabula alikuwa amemaliza ng'ombe wake. Si mzuri kama dume langu, mguu mmoja mnene, pembe moja inatazama juu na moja inatazama nyumbani. Lakini anasimama. Akamweka ukingoni mwa jaruba.

Beda akamkazia macho. "We, ng'ombe wako asiingie. Akila mpunga wangu nampeleka kwa mtendaji."

Nikaona Ngasa amejikaza. Mimi pia nilijikaza. Yale si maneno ya mtoto, ni maneno ya wazee wake wakulima, na ya wazee wetu wafugaji, na mengine yameishia pabaya. Niliona Kabula anamtazama Beda kama alivyokuwa anatazama geti, nikasema basi, sasa atamkandamiza ng'ombe wake tena na kila kitu kitarudi kilipokuwa.

Kabula akamgeuza ng'ombe, akamwonyesha Beda uso wake. Akasema, kwa Kiswahili, mbele ya wote: "Huyu hana mdomo bado. Nitamwekea ukishavuna."

Beda alimkagua. Alimkagua kweli, alimshika akamtazama kila upande, kama askari wa mifugo. Kisha akasema, "Haya. Lakini na mkia usiwe mrefu, utanivurugia maji." Akasogea, akampa nafasi ukingoni. Wakaendelea na kazi yao kama vile hakuna kilichosemwa.

Kaka yako aligeuka upande wa ukuta. Nilidhani anakohoa. Alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka. Baadaye tukinywa chai akaniambia, "Shemeji, mimi nilitumwa kumchukua mtoto asiyeongea. Yule simwoni hapa. Dada nitamwambia nini?" Nikamwambia nitaandika. Akasema, "Andika vizuri, maana mimi ndiye nitakayesimama mbele yake."

Basi ndiyo hiyo, mke wangu. Nimejiuliza kama nambakiza kwa ajili yake au kwa ajili yangu. Chumba bila ninyi ni kibaya, sikatai. Nikirudi jioni na kukuta viatu vyake vidogo mlangoni naweza kula. Inawezekana sababu ni zote mbili. Lakini niliyoyaona nimeyaona. Nikimwondoa sasa, ng'ombe akiwa bado hana mdomo, naogopa atauacha mdomo wake mwenyewe huku. Wewe ndiye mama yake, sema. Ukisema aje, nitaomba ruhusa nimlete mwenyewe mpaka mlangoni, wala sitanuna. Ukisema abaki mpaka mama asimame, nitamtunza, na Jumamosi zake sitazigusa kwa mkono wowote, wa kulia wala wa kushoto.

Mkwe wangu mpelekee heshima zangu kwa umbali ule unaotakiwa, mwambie namwombea nyonga ishike. Kaka mkubwa anayetuchungia ng'ombe mwambie asiuze yule jike mweusi kabla sijarudi. Mama mdogo anayekusaidia kuteka maji mwambie sijasahau wema wake. Jirani mwenye jembe la ng'ombe naye msalimie, na mwalimu wa katekesi. Maduhu mbusu kisogoni.

Mama Devota amesema nikwambie kwamba wewe ulimwona mkali, na yeye alikuona una maringo, kwa hiyo mko sawa, na anakusalimia.

Nilimwambia Kabula achague kitu kimoja katika vile alivyotengeneza, Ngasa akuletee. Alivipanga vyote mstari juu ya godoro, akavitazama kwa muda mrefu, kimoja kimoja. Halafu akavirudisha kwenye boksi.

"Havisafiri," akasema. "Mama aje."

Ni mimi mumeo, ninayekungoja nikiwa nimechoka,

Baba Kabula